Jina la Gerth na Tope la Ghubani

Akulleq, 9 Oktoba 1986

Mke wangu Bolethe,

Najua umeshanuna hapo hapo ulipofungua bahasha. Nuna tu. Jina ulilopewa ni la marehemu bibi yako, na hapa kwetu mwenye jina ndiye mwenyewe. Kwa hiyo mimi ni mume wako hadi nife, na wewe ni mama wa mwanangu Gerth, hata kama ni yeye aliyekuzaa. Hao Wadenishi wako waeleze polepole, kwa michoro ikibidi.

Huku tu wazima kwa namna watu wanavyosema ni wazima. Mbwa wanakula. Goti langu la kushoto limekuwa nabii, linatabiri dhoruba kuliko redio, ila halilipwi mshahara. Mdogo wako Naja ana mimba. Mwenye mzigo ameondoka na meli ya uduvi, ameacha soksi mbili, na hata hizo hazifanani. Mtoto atakuja mwezi wa tano. Mama yako Abelone alipoambiwa alisema, "Haya," akaendelea kukwangua ngozi ya sili. Tangu Julai hiyo "haya" ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote.

Katekista alikuja nyumbani wiki iliyopita, uso ameuvalisha msiba kabisa. Akasema, "Abelone, tumwekee Gerth msalaba hata bila mwili. Bahari nayo ni kaburi."

Mama yako akamwuliza, "Wewe ulimwona amekufa?"

"Sikumwona."

"Basi maliza kahawa yako uende."

Akaenda. Keki aliiacha sahanini, na wewe unamjua yule na keki.

Baada ya hapo mama yako akatugeukia mimi na Naja. Akasema mtu ambaye hajaonekana hajafa, na jina la mtu aliye hai halipewi mtoto mchanga. Tusije tukathubutu. Naja akalia, mimi nikaenda kuwaangalia mbwa, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Kila mtu hapa anajua kilichotokea, isipokuwa aliyekataa kujua. Uliondoka Agosti tukiwa bado tunatafuta. Hakuna kipya kilichopatikana. Boti ya Gerth ilikuwa tupu mbele ya ukuta wa barafu, bunduki imelazwa vizuri, kulabu haipo. Alipiga sili. Sili wa kiangazi kwenye maji yale meupe kama maziwa anazama kama jiwe, maana maji ya barafu hayana chumvi ya kumshika. Na Gerth hakujaliwa kumwacha mnyama aliyekwisha kumpiga. Tangu mdogo alikuwa hivyo. Aliinama kumvuta.

Sasa swali la mzee asiye na shule. Wewe unasomea tope, serikali inakulipia, na mimi sicheki (nacheka kidogo). Sili akizama pale mbele ya ukuta, analala juu ya tope au ndani yake? Nauliza habari za sili tu.

Mumeo,
Esajas

*

Kopenhageni, 21 Novemba 1986

Babu, shikamoo,

Barua yako imefika leo, imenuka mafuta ya nyangumi hadi mwenye nyumba akafungua madirisha. Nimeicheka na nimeilia, kwa mpango huo huo. Mimi sijambo. Mvua inanyesha kila siku, mvua ya kijinga isiyojua kugeuka theluji. Mwambie Naja asibebe ndoo za maji. Mwambie pia simlaumu. Wewe vaa soksi za manyoya. Huyo ni mkeo anakuamrisha.

Umeuliza kuhusu tope. Nitakujibu ninayoyajua.

Ule mto wa barafu unasaga mwamba kama unga. Unga wenyewe ni laini mno, chembe moja peke yake haina uzito wa kuzama. Ingeweza kuelea miezi na miezi, ndiyo maana maji yanakuwa maziwa. Lakini unga ukikutana na chumvi ya bahari, chembe zinaanza kushikana. Ute wa vijidudu vya baharini nao unazigandisha. Zinakuwa vibonge, vyepesi kama nyoya, na vibonge hivyo vinashuka. Vinashuka haraka, Babu. Safari ambayo chembe moja ingeifanya kwa mwaka, kibonge kinaimaliza kwa siku chache. Chini kule ni kama theluji inaanguka bila kukoma.

Kazi yangu hapa ni kuangalia bomba refu la kioo lenye taa ubavuni na kupiga picha vibonge vikianguka. Haviguswi. Ukivichota kwa chupa vinavunjika, unaleta juu maji machafu tu, na unadhani umeviona. Profesa wangu anasema lazima uvitazame palepale vilipo, ukiwa umefunga pumzi.

Kuhusu sili sijui. Hatupimi sili. Kwa nini unauliza?

Msalimie mama. Mwambie nimepata koti jipya.

Mjukuu wako,
Bolethe

*

Akulleq, 30 Januari 1987

Mke wangu,

Barua yako ilikaa wiki nyingi kwenye mji wa helikopta kwa sababu ya ukungu, na rubani naye, nasikia, alikuwa na mchumba huko. Imefika pamoja na jua, ambalo tangu Novemba hatujaliona. Juzi tumepanda wote kilimani kulilaki; limechungulia kama mdaiwa, likarudi. Watoto waliimba. Mama yako hakupanda. Alisema analiona kesho.

Naja ameanza kutembea kama bata. Amebishana na mwenye duka juu ya machungwa yaliyoganda, akashinda. Mbwa wangu kiongozi amezeeka. Sasa sote wawili tunaongoza kwa kumbukumbu.

Nimeusoma mara nyingi huo unga wako. Kumbe hata tope lina ukoo! Chembe moja haiendi popote, lazima ishikane na wenzake ndipo ipate uzito wa kwenda chini. Nilimweleza katekista. Akasema ni mfano mzuri wa kanisa. Nikamwambia, kanisa nalo linakwenda chini? Hajanisalimu tangu siku hiyo.

Na hili la kuvunjika ukiligusa, mimi ninaye mmoja hapa nyumbani. Anapika, anafua, anakwangua ngozi. Ukimtaja mtu fulani mbele yake, maji yote yanachafuka na hupati kitu.

Uvuvi? Mbaya. Naenda kila Jumatano, mbwa wakivuta sleji kwenye barafu, natoboa tundu, nashusha mshipi mrefu wa ndoano nyingi. Kina kile ukimaliza kuvuta mabega yanakuombea kifo. Ndoano zinarudi zimevaa tope la kijivu, zito, linateleza kama siagi. Samaki hakuna. Sehemu ile haina samaki.

Kuna baridi. Hatuna la zaidi.

Mumeo mwenye goti,
Esajas

*

Kopenhageni, 3 Machi 1987

Babu,

Salamu kwa wote. Mimi mzima. Sitazunguka leo.

Umeandika "sehemu ile haina samaki." Mtu aliyevua miaka sitini, anakwenda kila wiki mahali anapojua hapana samaki, anashusha ndoano hadi sakafuni. Tope la kijivu linaloteleza kama siagi linapatikana mahali pamoja tu katika ghuba yetu, nalo ni mbele ya ukuta. Barafu ya pale hailali. Ulinifundisha mwenyewe nikiwa na miaka sita, ukanipiga kofi nilipoikanyaga.

Unamtafuta yeye kwa ndoano. Babu, unamvua yeye kama samaki!

Mama amekutuma, au umejituma? Acha. Nakuomba uache. Ukiingia kwenye maji yale tutakuwa na wawili.

Usiniulize tena kuhusu sili. Kama unataka kulijua tope, subiri kiangazi, chota glasi ya maji ya maziwa, weka chumvi kidogo, uiache dirishani. Yote ninayoyasoma yamo humo.

Bolethe

*

Akulleq, 2 Juni 1987

Bolethe,

Nisamehe kimya. Nilikuwa nimelala. Mwezi wa tatu mwishoni barafu ilifunguka chini ya sleji. Niliwakata kamba mbwa wengi, wawili walikwenda na maji, na yule kiongozi ni mmoja wao. Mimi nilitoka kwa tumbo, kama sili mjinga. Halafu mapafu. Naja alikuwa ananinywesha mchuzi kwa kijiko, tumbo lake limefika mezani kabla yake, na ananitukana kwa kila kijiko. Ilikuwa dawa nzuri. Ulikuwa umeonya, haya, mke ana haki ya kusema "nilikwambia." Sema mara moja tu.

Mama yako ndiye aliyenituma. Sikutaka kumchongea, lakini umeshajua. Septemba alinijia mlangoni, akasimama na ile mikono mitupu yake, akaniambia, "Baba, niletee. Hata kipande." Ungemjibu nini? Mimi nilichukua mshipi.

Mtoto amezaliwa Mei, siku ya theluji ya majimaji. Ni msichana. Mzito, nywele nyeusi, sauti ya kuitisha mbwa. Naja mzima. Watu walikuja kunywa kahawa ya mtoto, na kila aliyeingia aliuliza lile linaloulizwa: "Haya, amekuja nani?" Kwa sababu lazima awe amekuja mtu aliyetutoka. Na kila mmoja alijua nani. Wengine walishaanza kumtazama vidole vya miguu kama vina ule upinde wa Gerth. Vinao, mimi naapa.

Mama yako alikuwa anamimina kahawa. Akasema, "Hajaja mtu. Ni mtoto tu." Watu wakanywa kahawa ikiwa ya moto ili waondoke.

Sasa mtoto hana jina. Analia usiku na mchana, titi anakamata na kuachia. Wazee wa kike wanasema analitaka lililo lake. Nesi anasema ni gesi. Wote wawili wanaweza kuwa na haki, lakini gesi haimkondeshi mtoto hivi. Naja anamwita "Huyu." Huyu amelala, Huyu amekojoa. Na Gerth naye, kama wazee wetu walisema kweli, yuko nje mahali, hana mwili, hana jina, anapigwa na upepo, anasubiri mlango. Mimi ni Mkristo wa Jumapili tu. Siku nyingine nayafikiria hayo.

Nilimwambia mama yako, "Mpe mtoto jina, mkwe." Akasema, "Niletee kwanza." Nikamwambia barafu imevunjika, sina mbwa wa kuongoza. Akasema, "Boti unayo."

Kwa hiyo sasa nauliza vizuri, si habari za sili. Mwanangu yuko wapi? Nikishusha ndoano, zitamfikia au hazitamfikia? Na ukijibu usinijibu mimi. Mwandikie yeye. Mimi kwake ni mzee tu wa kutumwa. Wewe ni mama yake Gerth. Gerth mwenyewe alikuwa anakuita "mama" mbele za watu ukiwa na vitambaa vya kinyesi, akikupa minofu ya kwanza. Na Abelone tangu ulipobatizwa anakuita mama mkwe. Mke wa mwana anaweza kumkatalia katekista, daktari, hata mimi. Mama mkwe hamkatalii.

Najua ni mzigo. Ungekuwa mwepesi ningeubeba mwenyewe.

Esajas

*

Kopenhageni, 24 Juni 1987

Mkwe wangu Abelone,

Nakusalimu wewe, na Naja, na mtoto. Nasikia ana sauti. Nasikia pia unafua usiku. Pumzika.

Mzee ameniomba niseme, nami nasema kama mama yake Gerth, kwa sababu kama binti yake siwezi. Nimejaribu. Karatasi zimeisha.

Mbele ya ukuta wa barafu tope linashuka kuliko mahali popote ninapopajua. Kwa mwaka mmoja linapanda kutoka vidole vya mkono hadi juu ya kiwiko. Kiangazi ndipo linaposhuka zaidi, na mwanangu alizama Julai, katikati ya kiangazi. Vibonge vilianza kumwangukia saa ile ile. Havina kelele, havina uzito. Ukivishika huhisi kitu. Theluji ilipoanza kuanguka kijijini mwezi wa tisa, yeye alikuwa ameshafunikwa. Ndoano za mzee zinapita juu. Zitaleta tope hata akivuta hadi mwisho wa maisha yake, na mwisho huo, mkwe wangu, ulikaribia mwezi wa tatu.

Hesabu hiyo niliifanya wiki ya kwanza niliporudi huku. Mezani nilikuwa peke yangu.

Hakuna mtu aliyechimba, hakuna aliyeshika koleo, hukusikia udongo juu ya sanduku. Lakini amezikwa. Mimi niliyemzaa nasema mwanangu amezikwa.

Mtoto mpe, au usimpe. Hilo sikuamrishi. Lakini mzee usimtume tena.

Bolethe

*

Akulleq, 16 Agosti 1987

Mke wangu,

Huku tu wazima, na leo nasema hivyo bila kusita sana. Beri zimeiva mapema. Mbu wamekula watalii wawili, tukawashukuru. Goti limeacha unabii, sasa linauma tu kama magoti ya watu wengine.

Barua yako alinipa Naja, nami nikampa mama yako ikiwa imefungwa. Alisoma amesimama. Akakunja. Akasema, "Mama mkwe ana mwandiko mbaya." Basi.

Asubuhi yake akanijia amevaa viatu vya boti, amebeba debe. Nikajua tunakwenda wapi. Ilikuwa karibu mwaka kamili. Maji yalikuwa meupe kweli, huoni hata kasia likishaingia. Tulisimama mbali na ukuta, mimi nimezima injini. Nilikuwa nimeweka mshipi chini ya benchi, kwa mazoea. Akauona.

"Huo wa nini?"

"Ukiniambia nishushe, nitashusha."

Hakusema nishushe. Akachota maji yake akafunga debe, na njia nzima alilishikilia magotini kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Nyumbani akachukua glasi kubwa, ile ya Krismasi. Nilikuwa nimemsomea zamani yale uliyoandika ya dirisha na chumvi, nilidhani hasikii. Kumbe. Akaenda kwenye koti la Gerth la Jumapili, lile ambalo hakuna anayeruhusiwa kuligusa, akang'oa kifungo. Akakiweka ndani ya glasi, chini kabisa. Akamimina maji ya maziwa, akatia chumvi, akaweka dirishani.

"Mkwe," nikasema, "Naja akikukuta na hilo atakuita mchawi."

"Kaa kimya, mzee."

Nikakaa. Asubuhi maji yalikuwa yameng'aa, na kifungo kimepata vumbi la kijivu juu. Akayamwaga maji safi polepole, asikitikise, akamimina mengine, na chumvi. Siku ya pili vivyo hivyo. Hakutuacha tuisogeze glasi. Tulikula pembeni mwa dirisha, tunapita kwa vidole vya miguu, na Huyu analia, na mama yako anatazama. Matundu ya kifungo ndiyo yalijaa kwanza. Halafu ukabaki ukingo, kama mwezi mwembamba. Sikumbuki ilichukua siku ngapi. Debe lilikuwa linakwisha.

Siku moja naingia na kuni za ufukweni, namkuta ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Ndani ya glasi tope tu, sawa kama meza.

Akaniuliza, "Baba, kipo?"

"Kipo."

"Hukioni."

"Sikioni. Lakini kipo."

Alilia, Bolethe. Kwa sauti. Mwaka mzima tulikuwa tunaingoja sauti ile, na ilipokuja nilitaka kukimbia. Mbwa nje wakaitikia wote. Sikwenda kuwaangalia, nilikaa.

Halafu akanawa uso, akaenda akamtoa mtoto kwa Naja. Akamtazama kitambo. Unajua alivyokuwa akimgombeza mwanangu, hata mbele ya wageni? Basi alianza hivyo hivyo, nusu analia:

"Wewe mwanamume! Mwaka mzima! Nimekuwekea chakula hadi kikaota ukungu, nguo zako nimezifua hujazivaa, baba yako umetaka kumwua kwa ubishi wako wa kung'ang'ania sili! Na sasa unaniletea mdomo bila jino!"

Naja akasema, "Mama, ni msichana."

"Mimi nilishamzoea kila namna," akasema mama yako.

Katekista alimbatiza Jumapili iliyopita. Kitabuni ameandikwa Gertrud, kwa ajili ya Wadenishi, ila hakuna anayemwita hivyo. Anaitwa Gerth. Naja anamwita baba, mimi namwita mwanangu, mama yako anamwita mume wangu na kumfokea. Msalaba tumeweka juu, upande unaotazama ghuba. Mama yako alipaka rangi mwenyewe. Katekista safari hii alimaliza keki yote.

Usidhani mtoto amenyamaza. Wazee wa kike walituahidi, nesi naye akaahidi, na Huyu, yaani Gerth, analia vilevile. Lakini titi anashika. Na Gerth wa kwanza naye alikuwa mtoto wa kulia. Wewe mama yake ulikuwa unanifukuza niende nikalale na mbwa.

Wewe ni mama yake tena, kwa hiyo uje. Najua utasema masomo. Najua pia si masomo. Njoo hata ukiwa hujui utamwita nani.

Nami nikwambie jambo moja, halafu nifunge, kwa maana helikopta inakuja na rubani hasubiri wazee. Kila Jumatano ile, mshipi ulipokuwa unapanda na ndoano moja ikakaza mahali, nilikuwa nafumba macho. Nilivuta nimefumba macho. Nilikuwa naomba liwe jiwe. Mama yako anaomba nimpate na mimi naomba nisimpate, sote tumeshika kamba moja.

Mshipi nimeutundika ghalani. Bado sijazoea. Ikifika Jumatano nateremka mpaka kwenye boti, nakaa ndani yake imefungwa, natazama maji, halafu napanda tena nyumbani.

Mumeo,
Esajas